Kompyuta inakuchapa kila siku? Hizi hapa mbinu za kuibwaga katika vita vya angani

UMEWAHI kuchapwa na mashine hadi ukaona haya, ilhali uko peke yako chumbani?

Mimi nimewahi. Tena si mara moja wala mbili. Ilikuwa saa nane za usiku, mtaa mzima umelala, nami nimekodolea macho kipakatalishi changu cha mtumba nikitazama sayari yangu ya mwisho ikitekwa. Aliyeniteka hakuwa mtu. Ilikuwa programu tu. Haikunicheka, haikunitusi, haikuniandikia hata neno. Ilimaliza kazi yake kisha ikamgeukia jirani yangu, kama mkulima anayepalilia mstari baada ya mstari.

Nilizima mashine, nikalala na nguo, na kesho yake nikaanza tena. Nikachapwa tena.

Ikiwa wewe ni mpenzi wa michezo ya mikakati, unanielewa. Ikiwa unadhani gemu ni soka la pleisteni na magari ya kukimbizana pekee, vuta kiti. Leo nitakueleza jinsi ya kumshinda adui asiyelala, asiyechoka na asiyekosea hesabu. Na ukinivumilia hadi mwisho, utajua kwa nini kipigo hicho kilinifaa kuliko ushauri mwingi niliopewa bure mtaani.

MCHEZO WENYEWE

Mwaka wa 1993, kampuni ya Marekani iitwayo Simtex iliunda mchezo wa Master of Orion, ukachapishwa na MicroProse. Ulikuwa hivi: unapewa sayari moja katika galaksi, na wenzako wanapewa zao mbali nawe. Kuanzia hapo ni juu yako. Unatafuta sayari nyingine, unajenga, unafanya utafiti, unaunda meli za angani, na mwishowe mnakutana mpakani.

Mwaka huohuo, mwandishi Alan Emrich aliuelezea mchezo huo katika jarida la Computer Gaming World na akaipa michezo ya aina hii jina ambalo lingali linatumika, 4X, kutokana na maneno manne ya Kiingereza yenye sauti ya X. Kwa Kiswahili chetu unaweza kusema: chunguza, panuka, vuna, teketeza.

Mchezo ninaouzungumzia leo unaitwa FreeOrion. Ni mtoto wa kuasili wa Master of Orion: ulibuniwa na watu wa kujitolea waliovutiwa na mchezo ule wa zamani. Na sasa sikiliza sehemu tamu: ni wa bure kabisa. Hulipi hata ndururu. Unatumia Windows, Linux au macOS, unaupakua mara moja, kisha unacheza bila intaneti. Hakuna bando linaloliwa, hakuna matangazo, hakuna anayekuomba ununue almasi za kidijitali ili usonge mbele.

Mchezo huenda kwa zamu, kama bao au drafti. Unatoa amri zako zote, unabonyeza kitufe, kompyuta nazo zinatoa zake, kisha mambo yanatokea kwa pamoja. Huhitaji vidole vyepesi. Unahitaji kichwa kilichotulia. Ndiyo maana hata kipakatalishi cha kizamani kinaweza kukufaa, mradi usianze na galaksi kubwa yenye maadui kumi, maana zamu za mwishoni zitakuwa zinajikokota kama matatu kwenye foleni ya jioni.

KWANZA, MJUE ADUI YAKO

Wengi hushindwa kwa sababu hawajui wanapigana na nini. Katika michezo mingi, ukipandisha ugumu, kompyuta haizidi akili. Inaongezewa mali tu. Mchezo wa Stellaris, uliotolewa mwaka wa 2016 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, hufanya hivyo: ngazi za juu huipa mashine mazao ya ziada ambayo wewe huna. Ni kama kukimbia mita mia na mtu aliyeanzia mita ya ishirini.

FreeOrion ni tofauti. Wapinzani wa kompyuta wana ngazi sita, kuanzia ya anayejifunza hadi ya juu kabisa ambayo jina lake kwa Kiingereza linamaanisha kichaa. Hata huyo kichaa anatumia sheria zilezile unazotumia wewe. Akikushinda, amekushinda kihalali. Manze, hilo linauma zaidi!

Lakini pia ndilo tumaini lako. Ikiwa hana mali ya siri, basi alichofanya yeye kinaweza kufanywa nawe.

Mashine ina nguvu gani? Haisahau. Kila zamu, hukagua kila sayari, kila meli, kila foleni ya ujenzi. Wewe ukifika zamu ya 80 una sayari kumi na tano na usingizi, utasahau kwamba meli tatu zimekaa bure pembeni tangu zamu ya 50. Yeye hatasahau.

Na udhaifu wake? Hana mpango wa mbali kama wako. Anapima hatari na faida kwa kanuni alizoandikiwa, anaweka meli pale hesabu inapomwambia. Hashuku. Hajiulizi, “Huyu jamaa mbona amenyamaza sana?” Wewe unaweza kunyamaza kwa sababu.

KOSA LA KWANZA: PUPA

Mechi zangu nyingi za mwanzo nilizipoteza mapema bila kujua. Nilikuwa nikiona sayari, naitaka. Nyingine, naitaka. Kila meli niliyounda ilikuwa ya kubeba walowezi. Ramani yangu ilipendeza, rangi yangu imetanda kote. Kufikia zamu ya 60, kila kitu kilikuwa kinaporomoka.

Sababu ni kitu kinachoitwa ushawishi. Tangu toleo la 0.5, lililotoka mwaka wa 2023, himaya yako haiendeshwi kwa viwanda na utafiti peke yake. Kila koloni unaloanzisha linakula ushawishi kila zamu. Kila sera unayopitisha inakula ushawishi. Akiba ikiisha na kuingia kwenye deni, utulivu unashuka katika sayari zako. Watu wananuna, uzalishaji unalegea, na baadhi ya teknolojia ulizotafuta kwa jasho hazifanyi kazi tena kwa sababu sayari haijatulia.

Hakuna adui aliyekugusa. Umejimaliza mwenyewe.

Dawa yake ni hii. Zamu ya kwanza kabisa, pitisha sera ya propaganda. Bei yake ni ndogo na huanza kukurudishia mapema. Kisha, kati ya makoloni yako mawili au matatu ya kwanza, teua moja liwe la kuzalisha ushawishi, wala usililie viwanda vyake. Kila ukiongeza makoloni kadhaa, angalia ile namba ya ushawishi kwa kila zamu. Ikianza kuelekea chini ya sifuri, simama. Usiongeze koloni hata kama sayari iliyo mbele yako inameremeta namna gani.

Mtaka yote hukosa yote. Wahenga hawakucheza FreeOrion, lakini waliijua.

PANUKA KWA VITUO, SI KWA WATU

Sasa utauliza: kama nikisimama, yule kichaa si atanimeza?

La. Kuna njia ya kupanuka kwa bei nafuu. Badala ya koloni lenye watu, jenga vituo visivyo na wakazi. Kituo hakina mdomo wa kulishwa, kwa hivyo mzigo wake wa ushawishi ni mdogo sana. Unaweza kukiweka kwenye sayari mbovu, kwenye miamba ya angani, hata kwenye sayari kubwa za gesi ambako watu wako hawawezi kuishi.

Faida zake ni tatu. Kwanza, vituo vinatanua eneo lako la ugavi, na meli zako hujaza mafuta ndani ya eneo hilo. Pili, miamba na sayari za gesi huja kuwa mgodi na jenereta ukishapata teknolojia yake. Tatu, mahali ulipoweka kituo, adui hawezi kuweka chake.

Ipo mbinu ndogo ambayo wageni huikosa. Kama una sayari yenye watu na katika nyota hiyohiyo kuna sayari nyingine tupu, usitume meli ya kituo ya kawaida. Unda ile ndogo isiyoweza kusafiri nje ya nyota yake. Ni ya bei ya chini zaidi na inafanya kazi ileile. Kumbuka tu kwamba kila kituo kipya hupandisha bei ya kinachofuata, hivyo anza na sehemu zenye maana: njia panda za nyota, kisha zenye mali.

Na usiwasahau wenyeji. Galaksi ina sayari zenye watu wasio wa himaya yoyote. Baadhi yao hawana ngao wala silaha. Tuma meli za wanajeshi wa kutosha kuzidi askari wao, na umepata sayari yenye watu tayari bila kusubiri walowezi wazaliane. Wale wenye ngao, hadi kwanza uishushe hadi sifuri kwa meli za kivita. Wengi hukimbilia kutuma wanajeshi kabla ngao haijaisha. Mimi nilifanya hivyo mara mbili kabla ya kusoma maelezo vizuri. Usinicheke.

UTAFITI KABLA YA RISASI

Kuna kishawishi cha kuunda meli za kivita kuanzia zamu ya kwanza. Ukiwa na maadui wakali, unaona ni busara. Kwa kweli ni hasara, maana meli za mwanzo ni dhaifu na zitazeeka kabla hazijapigana.

Zamu za mwanzo, unda meli za upelelezi na vituo. Unaanza na wapelelezi wawili, lakini ongeza mmoja au wawili zaidi. Anayeijua ramani mapema ndiye anayechagua mpaka uwe wapi. Meli za upelelezi ziweke katika hali ya kukwepa, zisijaribu kumzuia mtu njia, maana huko nje kuna majinamizi ya angani yanayolinda baadhi ya nyota.

Katika utafiti, tanguliza vinavyozaa: teknolojia za mwanzo za elimu na ukuaji wa watu, kisha uzalishaji wa roboti. Huo wa roboti usiuchelewesha. Ndipo uende kwenye deraya ya Zortrium na bodi ya meli ya roboti. Hivyo viwili vikiwa mkononi, sasa unaweza kuzungumza habari za vita. Usisahau gati la ukarabati kwenye sayari yako kuu: bodi hiyo haiundwi bila gati, na meli iliyojeruhiwa ikifika hapo, hutengenezwa.

HESABU YA VITA

Hapa ndipo niliposhindwa kwa muda mrefu zaidi, na hapa ndipo utakapomshinda.

Bodi ya roboti ina nafasi nne za nje na moja ya ndani. Mgeni hujaza bunduki zote nne. Inaonekana kali, sivyo? Fikiria hivi: nguvu ya meli ni mara ngapi inapiga, ukizidisha na muda inaodumu ikipigwa. Ukiacha kando uimara wa bodi yenyewe, bunduki nne mara deraya sifuri ni sifuri. Tatu mara moja ni tatu. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo anza na bunduki mbili na deraya mbili. Meli inayodumu inapiga tena kesho, na gati litaiponya. Iliyolipuka haina gati.

Pia angalia ngao ya adui. Ngao hupunguza kila risasi kwa kiasi fulani. Ukiwa na bunduki nyingi dhaifu dhidi ya ngao nzuri, unarusha mchanga kwenye mabati. Afadhali bunduki chache zenye nguvu.

Jambo la pili ni idadi. Mwaka wa 1916, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliandika kuhusu hesabu ya mapigano ya silaha za kulenga kwa mbali. Alionyesha kwamba nguvu ya kikosi haikui sawa na idadi yake. Inakua kwa idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe.

Tufanye mfano. Adui ana meli kumi, nawe una kumi, zinafanana. Ukizipeleka zote pamoja, mnatoshana. Lakini wewe una haraka. Tano ziko tayari, unazituma. Nyingine tano zitafuata. Hesabu: kumi mara kumi ni 100. Tano mara tano ni 25. Toa, inabaki 75, na kipeo chake ni kama 8.7. Yaani umepoteza tano zote, na adui angali na karibu tisa. Sasa tano za pili zinafika. Toa 25 tena, inabaki 50, kipeo chake ni kama 7.

Umepoteza meli kumi. Adui amepoteza tatu. Na mlikuwa sawa!

Katika mchezo si kamili namna hiyo, kwa sababu kila risasi huchagua shabaha yake kwa bahati, na vita vya zamu moja vina mizunguko michache tu. Ila mwelekeo ni huohuo. Tangu nilipofanya hesabu hii kwenye karatasi, sijatuma tena meli kwa mafungu. Nachagua mahali pa kukutania nyuma ya mpaka, ndani ya eneo langu la ugavi, nasubiri hadi zitimie, ndipo naziachilia zote.

Na igeuze hesabu hiyo imuumize yeye. Kaa ndani ya mpaka wako, karibu na sayari zenye ulinzi, uache meli zake zije kwa mafungu. Piga fungu la kwanza, rudi gatini, pona, piga la pili. Ukishamwona amepungukiwa, usimpe nafasi ya kupumua. Nenda.

VITA VYA PANZI

Kompyuta hizo hazikupigi wewe tu. Zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na wewe hapo ndiwe kunguru.

Kama una majirani wawili, usiwachokoze wote kwa pamoja. Weka vituo na ulinzi upande mmoja, elekeza nguvu upande wa pili. Ukiona mmoja wao amebanwa na mwingine, huo ndio wakati wa kumega kipande chake, kabla mshindi hajakimeza chote na kuwa jitu. Ila usijenge mpango wako juu ya tumaini kwamba mashine kali itakubali ombi la amani. Jaribu kuomba, haigharimu kitu, lakini lala na mlango umefungwa.

Mashine zenye akili kuliko hizi zimewahi kushindwa kwa ujanja kama huu. Januari 2019, kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, AlphaStar, ilikuwa imewabwaga wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, mchezo mwingine wa vita vya anga za juu. Mmoja alikuwa Mjerumani anayejulikana kama TLO, wa pili Mpolandi aitwaye MaNa. Kila mmoja alilimwa 5-0.

Lakini siku ya tangazo, MaNa alicheza tena, moja kwa moja mbele ya watazamaji. Safari hii hakushindana na mashine kwa kasi. Alichukua askari wachache ndani ya chombo cha usafiri, akawa anawashusha nyuma ya kambi ya mashine. Jeshi zima la AlphaStar likarudi nyumbani kulinda. Likikaribia, yeye anapandisha watu wake na kuondoka. Likienda, anarudi. Huku na huku, huku na huku, ilhali nyumbani anajenga jeshi lake polepole. Lilipotimia, akaenda kumaliza kazi.

Unaona? Mashine ilijibu kila tishio kwa usahihi. Haikujiuliza kwa nini tishio lile linarudi kila mara.

KILICHONIUMA ZAIDI

Nilikuahidi nitakueleza kwa nini haya yana maana kwangu.

Miaka michache iliyopita, mimi na kakangu mkubwa tulikuwa na chumba cha pleisteni mtaani. Runinga mbili, mashine mbili, benchi moja. Watoto walikuwa wanapanga foleni baada ya shule. Pesa ziliingia, si nyingi, lakini kila siku. Kakangu akasema tutulie kwanza. Mimi nikasema, kwani tunangoja nini? Tukachukua mkopo katika chama, tukafungua chumba cha pili mtaa wa jirani. Nikaanza hata kuulizia nafasi ya cha tatu.

Kodi mara mbili. Stima mara mbili. Kijana wa kusimamia, naye anataka mshahara. Padi zinaharibika huku, runinga inazimika kule, nami nipo njiani siku nzima nikizima moto. Hakuna aliyetuibia. Hakuna mshindani aliyetufukuza. Tulifunga chumba cha pili, kisha cha kwanza, tukabaki na deni la watu tunaosalimiana nao kila siku.

Kwa muda mrefu nililaumu mtaa, nikalaumu uchumi, nikamlaumu hata kakangu kwa kutonikaza zaidi. Kisha usiku mmoja nikawa nautazama ule ushawishi wangu ukiwa chini ya sifuri, makoloni kumi na mawili yamenuna, hakuna adui hata mmoja karibu. Nikajua nimeona kitu hiki mahali pengine.

Mama alikuwa amezoea kuniuliza, “Na hiyo kompyuta unayokesha nayo, inakulipa?” Sikuwa na jibu la kumpa. Ila wiki ile niliketi na kakangu, nikamwambia, “Kaka, kosa lilikuwa langu.” Alininyamazia kidogo, akasema tu, “Najua. Nilikuwa nangoja useme.”

UNAWEZA KUIFUNGUA KICHWA

Kuna jambo moja zaidi, na kwa kijana anayetafuta njia, huenda ndilo kubwa kuliko yote.

Akili ya adui huyo imeandikwa kwa lugha ya Python, na imekaa wazi ndani ya kompyuta yako. Nenda kwenye folda ya mchezo, utafute folda ya Python, ndani yake kuna iliyoandikwa AI. Utakuta faili zenye majina kama ResearchAI na MilitaryAI. Humo ndimo mashine inapoamua itafute teknolojia gani kwanza na ipeleke meli wapi. Hazijafichwa. Unaweza kuzisoma kwa programu yoyote ya kuandikia.

Weka nakala pembeni kwanza. Kisha badilisha namba moja, hifadhi, anzisha mchezo, utazame adui akifanya uamuzi tofauti kwa sababu yako. Nimejaribu madarasa mawili ya programu za kompyuta na kusinzia yote. Hapa sikusinzia, maana nilikuwa na kisasi.

Usidhani kuunda michezo ni kazi ya Wazungu na Wajapani tu. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake, The Adventures of Nyangi, mwaka wa 2007, na baadaye akaungana na Eyram Tawia wa Ghana katika kuanzisha Leti Arts. Mahali pa kuanzia ni popote ulipo na mashine uliyo nayo.

KABLA HUJAKETI

Neno la tahadhari. Mchezo wa zamu una ugonjwa wake: “zamu moja tu, kisha nilale.” Zamu moja huzaa arobaini. Weka kengele kwenye simu, na ikilia, hifadhi mchezo na uzime. Hata ukiwa unashinda. Hasa ukiwa unashinda, kwa sababu makosa yangu makubwa niliyafanya baada ya saa sita usiku nikijiona jemadari. Kuhifadhi mara kwa mara kutakusaidia pia siku stima itakapopotea katikati ya vita.

Anza na mpinzani mmoja wa ngazi ya chini, galaksi ya nyota ishirini hivi kwa kila mchezaji. Ukimshinda mara mbili mfululizo, panda ngazi moja. Ukipigwa, usifute mchezo kwa hasira. Rudi kwenye hifadhi ya zamu hamsini nyuma, ujiulize ni wapi ulipoanza kuanguka. Mara nyingi utagundua ulianguka kitambo sana kabla meli ya kwanza ya adui haijatokea.

Mimi yule kichaa nilimshinda hatimaye. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha, zamu ya mia mbili na kitu. Hakukuwa na shangwe. Sayari yake ya mwisho ilibadilika rangi, nikanyoosha mgongo, nikaenda kuchemsha chai.

Kakangu naye ameanza upya. Runinga moja, mashine moja, benchi lilelile. Juzi jirani alimuuliza mbona haongezi ilhali watoto wamejaa hadi mlangoni.

“Deni la chama limebaki miezi miwili,” akamjibu. “Likiisha, tutahesabu.”